Breki ya Mbele ya Pikipiki ya Zamani

Imekita mizizi miongoni mwa wapanda pikipiki wa njia ya Isiolo, Ngaremara na Archers Post itikadi ya kwamba breki ya mbele ni hiana, kwamba humrusha mtu juu ya usukani kabla hajatanabahi, na kwamba mwenye akili ni yule anayeilegeza kebo yake, au akaifungua na kuitupa, akaliweka tumaini lake lote katika breki ya nyuma. Itikadi hiyo haikuzuka pasipo sababu. Njia hii ilipokuwa bado ya changarawe, yenye migongo ya mfululizo iliyotikisa hata meno kinywani, gurudumu la mbele lililofungwa ghafla liliteleza papo hapo, na aliyeanguka hakuhitaji ushahidi mwingine. Lakini lami imekwisha kupita Ngaremara na kufika Merille, takriban kilomita 136 kutoka Isiolo, kisha ikaendelezwa hadi Moyale. Mabasi na malori hupita kwa mwendo ambao zamani haukuwezekana, na mbuzi, ngamia, na mara nyingine tembo wa hifadhi ya Buffalo Springs, hukatiza barabara saa yoyote wapendayo. Ada iliyokuwa hadhari juu ya changarawe imegeuka kuwa hatari juu ya lami, na muradi wa makala haya ni kumsihi mwenye pikipiki kuukuu airejeshee breki yake ya mbele uzima wake, kwa mikono yake mwenyewe ikiwezekana.

Chombo chochote kilicho mwendoni kikizuiwa, uzito wake huelemea mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa barabarani na la nyuma huwa jepesi, na tairi lililokandamizwa ndilo lenye uwezo wa kushika ardhi, ilhali lililo jepesi halina ila kuburura na kupiga kelele. Kwa hivyo katika lami kavu breki ya mbele hufanya theluthi mbili ya kazi ya kusimamisha, au zaidi. Tuchukue mathalani mtu aendaye kilomita 60 kwa saa, mwendo ambao kwa kila sekunde humpeleka karibu mita 17. Breki zake zote mbili zikiwa nzima, tangu anapozishika ataweza kusimama katika mita 23 hivi. Akitegemea ya nyuma peke yake atahitaji maradufu, yaani mita 46. Na kabla ya hesabu zote mbili, ile sekunde moja ya kuona na kuazimia imekwisha kumlia mita 17. Katika mita 23 za tofauti lina nafasi kundi zima la mbuzi pamoja na mtoto anayelichunga.

Nimesikiliza visa vingi vya watu walioangushwa na breki ya mbele, na kila nilipopata fursa ya kuifungua breki iliyoshutumiwa, aghalabu nimeikuta ni breki iliyotengenezwa nusu: kamu iliyopinduka kwa sababu brekishuu zimekwisha, au bamba lisilokaa mahali pake kwenye foki, au kipande cha bati kilichochomekwa ili kuficha uchakavu. Breki ya namna hiyo hulegea siku zote, kisha siku moja hukaba kwa ghafla na kwa ukali usiodhibitika. Iliyo nzima haina tabia hiyo. Hushika kwa kadiri ya nguvu ya vidole, ikaachia kwa kadiri hiyo hiyo.

Pikipiki ninazozikusudia ni zile za zamani zinazobaki mikononi mwa wafugaji, walimu na mafundi wa huku kwetu, kama Yamaha za jamii ya DT na AG, na Honda za XL na CG125. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 waliifikiria hasa nchi ambazo pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na kuhudumiwa kwa nadra, wakaijenga kwa usahili wa makusudi. Viwanda vya China vikaufuata mfano wake, na ndiyo maana bodaboda nyingi za leo ni wajukuu zake, na vipuri vyake hupatikana katika maduka ya mji wa Isiolo bila ya taabu kubwa. Ijapokuwa Honda hao hao walikuwa wamekwisha kuieneza breki ya diski tangu CB750 ya mwaka 1969, pikipiki ndogo ziliendelea kwa miaka mingi na breki ya ngoma, nayo ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Ndani ya ngoma hiyo, ambayo ni sehemu ya kitovu cha gurudumu, mna brekishuu mbili zilizopinda, zilizosimama juu ya bamba lisilozunguka. Upande mmoja zote mbili huegemea pini. Upande wa pili hukutana juu ya kamu, kipande cha chuma bapa ambacho kebo ikivutwa hujizungusha na kuzitanua. Jambo la kulielewa kwa yakini ni kwamba brekishuu hizo hazifanyi kazi sawa. Moja, ngoma inapozunguka, huvutwa na ule msuguano wenyewe ikazidi kujikandamiza, na nyingine husukumwa nyuma. Ile inayovutwa ndiyo yenye nguvu nyingi, na kwa sababu nguvu yake hujizidisha yenyewe, kosa dogo katika umbo lake au ncha yake huonekana barabarani kuwa kosa kubwa.

Kabla ya kushika spana yoyote, anza na kebo, kwa kuwa breki nyingi zinazosemwa kuwa zimekufa hazina ugonjwa mwingine. Bana mkono wa breki polepole. Ukiwa mzito na mkavu, au ukirudi kwa kusitasita, chomoa kebo ncha zote mbili uivute ndani ya gamba lake uone inavyoteleza. Ukikuta hata uzi mmoja wa waya umekatika karibu na kile kichwa cha risasi, usishauriane na mtu. Nunua nyingine siku hiyo hiyo, kwani nyuzi zilizosalia zinabeba mzigo usiokuwa wao, na zitakatika siku utakapozivuta kwa nguvu zako zote, nayo ndiyo siku unayozihitaji. Kebo iliyo nzima lakini kavu, ifungie mdomoni kipande cha tubu kwa uzi, umimine oili nyepesi, uitundike usiku kucha mpaka oili itokeze chini ikiwa nyeusi kwa vumbi ililolikomba. Mimina tena mpaka itokeze safi. Unapoirudisha, ipitishe kwa mikunjo mipana, kisha zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho: breki ikijikaza yenyewe kwa upande mmoja, kebo ni fupi au imepitishwa vibaya. Tazama pia pini ya mkono wa breki juu usukanini, maana tundu likishapanuka, sehemu ya nguvu za vidole hupotelea humo.

Kebo ikiwa haina lawama, ndipo gurudumu litolewe. Simamisha pikipiki juu ya stendi yake ya kati, au juu ya gogo imara chini ya injini, mahali penye kivuli na pasipo mchanga unaopeperushwa, jambo ambalo kwa upepo wa Ngaremara lataka kuchagua saa ya asubuhi mapema. Fungua kebo ya breki, kisha ile ya spidomita, toa spilipini na nati ya ekseli, uichomoe ekseli kwa mkono na kwa nyundo ya mti tu. Nyundo ya chuma itaichanua ncha yake, na hapo utakuwa umejitengenezea kazi nyingine. Bamba litatoka pamoja na brekishuu, na humo ndani utaliona vumbi jeusi lililogandamana pembeni.

Hapo simama kidogo. Mkono wa kila fundi hukimbilia kulipuliza vumbi lile kwa kinywa au kwa pampu ya tairi, na desturi hiyo ni ya kukatazwa kabisa. Brekishuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake hazionekani kwa macho, nazo zikiingia mapafuni hukaa humo miaka na miaka na huweza kuleta saratani. Chukua maji yenye sabuni, lowesha kila kitu, futa kwa kitambaa kilicholowa, kifungie kitambaa hicho ndani ya mfuko ukakifukie mbali, na uwaamuru watoto wakae kando muda wote huo, kwa sababu watoto hupenda kusogea karibu na gurudumu lililofunguliwa.

Sasa tazama brekishuu zenyewe. Katika Honda CG125 ile sehemu ya kusugua huwa na unene wa milimita 4 ikiwa mpya, na hapaswi mtu kuitumia ikishuka chini ya milimita 2. Sababu ya mpaka huo haiishii katika kwisha kwa kitu cha kusugua tu, bali kadiri brekishuu zinavyokonda ndivyo kamu inavyolazimika kuzunguka zaidi ili kuzifikisha ukutani mwa ngoma, mpaka hufika mahali ikasimama wima kabisa, na ikizidi hapo hujipindua na kukwama, gurudumu likafungika lisiachie. Hii ndiyo siri ya wengi wa waliorushwa. Mafundi wenye haraka huuficha uchakavu huo kwa kuuhamisha ule mkono mdogo wa kamu jino moja nyuma, au kwa kuchomeka kipande cha bati la mkebe baina ya kamu na brekishuu. La kwanza huzidi kuikaribisha kamu kwenye kupinduka, na la pili ni kuiweka hatari ndani ya ngoma, kwani bati hilo likichomoka halina pa kwenda ila baina ya chuma na chuma.

Unene ukiwa unatosha, angalia uso. Uso uliong'aa na kuwa mgumu husuguliwa kwa msasa mbichi, wenye maji, mpaka urudi kuwa mfifi. Uso uliolowa mafuta ni habari nyingine. Wako wanaoumwagia petroli na kuuwasha moto, na kweli mafuta ya juu huungua. Lakini yaliyozama ndani hurudi juu ya uso breki inapopata joto, na moto wenyewe hulegeza gundi inayoishikilia sehemu ya kusugua na kiatu chake cha chuma. Brekishuu iliyokunywa mafuta itupwe, na kabla ya kuweka nyingine itafutwe asili ya mafuta hayo, ambayo aghalabu ni sili ya beringi iliyokufa au fundi aliyejaza grisi kwa ukarimu usiokuwa na mahali pake.

Kisha ngoma. Ya CG125 ina kipenyo cha milimita 110 ndani, na mwisho wa matumizi yake ni 111. Milimita hiyo moja ya tofauti inaonyesha jinsi nafasi ilivyo finyu. Pitisha ncha ya kucha kutoka ndani kwenda nje, na ikikwama kwenye ukingo, ngoma imelika. Ikiwa barabarani ulihisi mkono wa breki unakudunda vidoleni kila mzunguko wa gurudumu, ngoma si duara tena, na sababu huwa ni joto au njiti za gurudumu zilizokazwa pasipo usawa zikaivuta huku na huku. Ngoma ya namna hiyo hukerezwa, lakini ikerezwe gurudumu likiwa zima na njiti zake zote zimekazwa sawasawa, kwa kuwa mvuto wa njiti ndio unaoipa umbo lake la kudumu; ikitolewa ikakerezwa peke yake, itapinda tena siku njiti zitakapokazwa. Mkereza chuma asiyekubali shuruti hiyo muage kwa adabu utafute mwingine.

Ununuzi wa brekishuu mpya wahitaji subira kuliko fedha. Nenda dukani na zile za zamani mkononi, uzilaze juu ya mpya, ulinganishe upana, mpindo, tundu la pini na ule uso wa bapa unaoguswa na kamu. Muuzaji atakuambia, naye huenda anasema kwa nia njema, ya kwamba hizi za bodaboda huingia pikipiki zote. Huingia, naam, lakini kuingia si kuenea. Brekishuu mpya ikiwa na mpindo usiolingana na ngoma iliyokwisha kulika, itagusa katikati tu, au kwenye ncha tu, na robo ya uso wake ndiyo itakayofanya kazi iliyokusudiwa uso mzima.

Namna ya kuyajua hayo ni nyepesi, nami sielewi kwa nini imesahauliwa na wengi. Paka chaki ya shule juu ya uso wote wa brekishuu, zifunge ndani, rudisha gurudumu, lizungushe kwa mkono huku ukibana breki kidogo, kisha fungua. Palipofutika chaki ndipo panapogusa. Chukua tupa laini au msasa uliokunjwa juu ya kipande cha mti, ulowe maji, upapunguze hapo kidogo tu, upake chaki tena, urudie. Mtu mwenye papara atakasirika katika mara ya pili. Endelea mpaka chaki ifutike katika sehemu kubwa ya uso, kutoka ncha hadi ncha, na usiache kuichonga mshazari ile ncha ya mbele ya brekishuu inayovutwa, kwa kuwa ncha kali ndiyo inayouma ngoma na kuifanya breki ilie na kukaba kwa mishtuko. Saa mbili zilizotumika katika kazi hii hurudisha nguvu ambayo brekishuu za bei ghali zisingeirudisha.

Katika kufunga, toa kamu yenyewe, ambayo ni nadra kutolewa, uisafishe kutu na ule mchanganyiko wa grisi kuukuu na mchanga, mpaka izunguke kwa kidole kimoja bila ya kuchezacheza tunduni mwake. Ipake grisi isiyoyeyuka kwa joto, utando mwembamba tu, na pini ya egemeo vivyo hivyo. Kingine chochote ndani ya ngoma kisiguswe na grisi wala na vidole vyenye grisi. Springi zilizonyooka au zenye kutu zisirudishwe. Zifungie springi brekishuu zikiwa nje, zikunje kama kitabu kilichofunguliwa nusu, uzisimamishe juu ya pini na kamu, kisha uzilaze kwa kuzisukuma kwa viganja. Futa ngoma kwa spiriti na kitambaa kipya.

Unapolirudisha gurudumu kuna jambo moja ambalo sitachoka kulikariri. Bamba la breki lina mfereji, na mguu wa foki una kichuma kilichojitokeza, au katika baadhi ya pikipiki kuna upapi wa chuma wenye bolti. Hicho ndicho kinacholizuia bamba lisizunguke pamoja na ngoma. Kisipoingia mahali pake, breki itaonekana nzima palipo kivulini, na siku ya kwanza utakapoibana kwa nguvu bamba lote litazunguka, likate kebo na kulifunga gurudumu. Inama uone kwa macho, usitosheke na kupapasa. Baada ya hapo ingiza ekseli, ikaze nusu, zungusha gurudumu, bana breki kwa nguvu na mtu mwingine akushikie hivyo hivyo, ndipo uimalizie nati. Kwa njia hii brekishuu huliweka bamba katikati ya ngoma, na zote mbili hugusa kwa pamoja. Weka spilipini mpya.

Kinachobaki ni marekebisho ya kebo. Ule mkono mdogo wa kamu uwekwe katika jino ambalo breki inapokaba, pembe baina yake na kebo huikaribia pembe mraba isiipite, maana hapo ndipo mvuto huwa na nguvu zaidi. Ncha ya mkono wa breki usukanini iwe na mwendo mtupu wa milimita 20 hadi 30 kabla ya breki kuanza kugusa. Ukiupunguza zaidi ili uone fahari ya breki kali, brekishuu zitasugua mchana kutwa, ngoma ipate moto, na nguvu zote ulizozitafuta zipotee.

Jaribio lifanywe penye lami iliyonyooka na isiyokuwa na watu, kwa mwendo mdogo, ukibana kidogo na kuachia, ukiipumzisha breki ipoe baina ya mara moja na nyingine. Nyuso mbili ngeni haziaminiani siku ya kwanza. Zitahitaji kilomita mia mbili au tatu za matumizi ya upole, na baada ya hizo kebo itakuwa imenyooka kidogo, ikahitaji kurekebishwa tena. Anayeshuka kutoka Subuiga kuja Isiolo na mzigo nyuma asijaribu huko breki iliyofungwa jana. Mteremko ule ni mrefu, na ngoma ikishapata moto mwingi hupanuka na kusugua bila ya kushika; gia ya chini ndiyo ibebe sehemu kubwa ya kazi, na mwenye injini ya mipigo miwili akumbuke kufungua mafuta kidogo kila baada ya muda, kwa kuwa katika injini hizo oili huja pamoja na mafuta, na ukiyafunga kwa muda mrefu pistoni hukauka.

Kuhusu matumizi yenyewe, vidole vianze kwa kugusa, uzito uhamie mbele, ndipo vibane. Anayenyakua kwa ghafla hulifunga gurudumu kabla halijakandamizwa. Pikipiki iwe imesimama wima. Ukiiacha lami kuingia njia ya mchanga kuelekea mtoni, breki ya mbele itumiwe kwa wepesi wa kidole kimoja, na katika kona isitumiwe kabisa. Na baada ya kuvuka laga, yaani mto wa msimu, yenye maji, ngoma ikiwa imelowa, endelea polepole huku umebana breki kidogo kwa mita mia moja au mia mbili mpaka uhisi imeanza kushika, kisha ndipo uongeze mwendo.